NYUMBA ILIYO REHANINI: YAFAA KUUZWA?

Suala tutakalolisema katika waraka huu ni lile liulizwalo katika baraza zetu kila mara, na jawabu zake zimekuwa nyingi kuliko waulizaji. Mtu ameweka nyumba yake rehani, na deni lingali shingoni mwake. Je, ana haki ya kuiuza nyumba ile? Na akiiuza bila ya kumwambia mnunuzi khabari ya deni, fedha aliyoipokea ni halali yake?

Mwenye kufika katika Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, Kinondoni au Temeke, hakosi kukuta mashauri ya namna hii. Wengi katika hao wanaoshitakiana si wezi, wala hawakutoka nyumbani kwao kwa nia ya kudhulumu. Ni watu wa sala na saumu, na wengine walikuwa marafiki. Kwa hivyo twaona haifai kulitupa jambo hili kwa neno moja la haramu au halali, kisha tukaondoka. Yatupasa kulitazama lilivyo.

Na tuchukue mfano. Mtu ana nyumba yake Mbagala, vyumba sita na uwa. Alikopa shilingi milioni 40 katika benki kwa ajili ya duka, akaweka hati ya nyumba. Duka likalala. Amelipa alivyoweza hata deni limesalia milioni 25, na kila mwezi laongezeka. Akatokea mtu atafutaye nyumba, yu tayari kutoa milioni 70. Mwenye nyumba akaona faraja imekuja. Mnunuzi akauliza hati; akaambiwa, "Hati iko Wizarani, yabadilishwa jina," akaonyeshwa nakala. Wakaenda serikali ya mtaa, mashahidi wakatia saini, fedha zikahesabiwa, mikono ikapanwa. Baada ya miezi minane, yaja gari ya dalali wa mnada na kipaza sauti chake, na mnunuzi amekwisha kupaka rangi mpya.

Hapo tena kila mtu hulia kwa haki yake. Benki yasema, "Nyumba ni dhamana yangu." Mnunuzi asema, "Nimetoa fedha yangu mbele ya mashahidi." Naye muuzaji, akipatikana, asema neno ambalo ndilo asili ya suala letu: "Nyumba ilikuwa yangu, nami nimeuza changu."

Je, ilikuwa yake? Hapana shaka ilikuwa yake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mali iliyowekwa rehani haitoki katika miliki ya mwenyewe. Akaa ndani yake, kodi ya wapangaji ni yake, na ikiungua imeungua yake. Walakini mkono wake umefungwa katika jambo moja: hawezi kuitoa katika miliki yake kwa kuuza wala kwa hiba, illa kwa idhini ya yule aliyewekewa. Akiuza bila ya idhini, bei haikusihi. Mahanafi hawakufika umbali huo. Wao wasema bei ile husimama ikingoja, mwenye rehani akiridhia au akilipwa hupita, asiporidhia haipiti. Hii ni khitilafu ya njia tu. Hapana hata mmoja katika wanavyuoni hao aliyesema kuwa auze na anyamaze.

Na atakayesema kuwa benki haikukabidhiwa nyumba, kwani mwenyewe ndiye alalaye ndani, basi rehani haikutimia, huyo ajue kuwa nyumba haibebwi ikafungiwa sandukuni. Kukabidhi kwa kila kitu ni kwa namna yake. Kutoa hati na kuandikwa rehani katika daftari la Msajili ndiko kukabidhi kwa zama zetu, na yeye mwenyewe alilijua hilo siku alipoipeleka hati na kupokea fedha.

Sheria ya serikali nayo imekwenda karibu na njia hiyo hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kuwa rehani ni dhamana tu, haihamishi miliki ya ardhi kumpa mkopeshaji. Na kwa upande wa pili yamweka mkopaji chini ya ahadi ya kutoihamisha ardhi ile kwa mtu mwingine pasipo idhini ya mwandishi ya mkopeshaji, naye mkopeshaji haruhusiwi kuizuia idhini hiyo bila ya sababu ya maana. Basi wasemao mitaani kuwa ukishaweka hati nyumba ni ya benki, wamekosea. Na wasemao nyumba ni yangu nitaifanya nitakavyo, wamekosea pia.

Kosa hilo la kwanza lina asili yake katika pwani yetu, na yafaa kulitaja. Wazee wetu walikuwa na mapatano waliyoyaita bei ya khiyari. Mwenye shamba au nyumba akihitaji fedha humwuzia tajiri mali yake kwa bei kamili, kwa sharti ya kuwa ana khiyari ya kuirudisha akilipa fedha ile katika muda uliowekwa. Baada ya kuuza, yeye hubaki pale pale akilipa kodi, na kodi ile mara nyingi haikuwa ila riba iliyovishwa kanzu. Muda ukipita, mali imekwenda. Kwa njia hii na nyinginezo za deni, mashamba mengi ya karafuu ya Unguja na Pemba yalifungwa, hata serikali ya huko ikatoa amri mwaka 1934 za kuzuia uhamishaji wa ardhi na kusimamisha madai, kisha mwaka 1938 ikatoa amri nyingine ya kutengeneza madeni yale. Katika khiyari miliki ilitoka tangu siku ya kwanza. Katika rehani haikutoka. Anayeweka hati yake leo hakuuza kitu. Ametoa ahadi, na ahadi ile ina mtu wa pili ndani yake.

Sasa twafika penye hoja ambayo watu wetu waipenda sana, na twataka kuisema kwa kirefu kwa sababu huvaa vazi la dini. Wasema: "Benki yala riba. Deni la riba si deni. Basi rehani iliyosimama juu ya deni batili nayo ni batili, na mimi nikiuza nyumba yangu sikumdhulumu mtu."

Twajibu kwanza kuwa riba ni haramu, wala hatukai hapa kuitetea. Lakini katika deni la mtu yule, kuna mali ya asili aliyoihesabu kwa mkono wake, na kuna nyongeza. Katika Sura ya Baqara, hata yule mla riba aliyetubia ameachiwa rasilimali yake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Ikiwa mla riba mwenyewe ana haki ya kurudishiwa mali yake ya asili, wewe uliyekula mali ile umepata wapi fatwa ya kutoirudisha? Anayechukia riba hukaa mbali nayo siku ya kukopa. Anayeikumbuka siku ya kulipa tu, huyo hakuichukia riba, amechukia kulipa.

Jawabu ya pili ni kubwa zaidi. Tuseme hoja yake yote ni sahihi, na benki haina haki hata ya senti moja. Mnunuzi ameingiaje katika ugomvi huo? Yeye hakula riba wala hakukopesha. Ni mtu aliyeuza shamba lake la Rufiji, au aliyepokea kiinua mgongo chake baada ya miaka 30 ya kazi bandarini, akataka mahali pa kuweka ubavu. Mwenye nyumba na benki wanagombana, na kombora limemwangukia mpita njia. Mtu aliyegundua kuwa jahazi alilopanda ni la wizi hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kulitoboa na abiria wenzake wamo ndani.

Na tazama tena. Ziko taasisi za fedha zinazofuata njia isiyo ya riba. Benki ya Amana ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011 kwa njia hiyo. Nazo hutaka dhamana, kwani Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, aliweka deraya yake rehani kwa Myahudi wa Madina kwa ajili ya shayiri, na akafariki ikiwa rehanini. Je, mtu wetu, lau angalikopa huko, asingeiuza nyumba? Twaona angaliuza vile vile, ila angalitafuta neno jingine la kusema.

Hoja ya pili ni ya mtu mwema, na kwa hiyo ni ya hatari zaidi. Asema: "Mimi sikukusudia kumdhulumu mtu. Nilitaka nikipokea fedha ya mnunuzi niende benki nikalipe milioni 25, nichukue hati nimpe, nami nibaki na milioni 45 nianze maisha." Huyu nia yake ni njema na hesabu yake ni sawa. Kasoro ni kuwa amefanya nyumba ya mtu mwingine iwe imening'inia katika nia yake. Fedha ikisha kuingia mkononi huonekana mbali. Mama ana maradhi, ada za watoto zimefika, shemeji ana deni la zamani alilokuwa amelinyamazia. Kila mmoja katika hao ana haki, na kila mmoja yuko mbele ya macho, ilhali benki haiko mbele ya macho. Milioni 25 zikawa 20, zikawa 12, kisha ikaonekana ni bora kungoja kidogo zipate kuzalishwa. Hakuna siku hata moja ambayo mtu huyu aliamua kuiba. Na mwisho wa mambo nyumba ya mwenziwe imekwenda mnadani.

Njia iliyo safi ipo, nayo si ngumu. Muuzaji amwambie mnunuzi tangu mwanzo kuwa nyumba i rehanini. Waende wote wawili benki, na benki itoe barua ya deni lililosalia mpaka siku fulani. Mnunuzi alipe fungu la benki katika benki yenyewe, lisipite mkononi mwa muuzaji. Benki itoe hati ya kufuta rehani, ipelekwe kwa Msajili wa Hati iandikwe, na hati ya nyumba itoke benki iende kwa mnunuzi au kwa wakili waliyeridhiana. Fungu lililobaki ndilo la muuzaji. Sheria yampa mkopaji aliyelipa deni lote haki ya kufutiwa rehani yake. Si fadhili ya meneja.

Watu husema kuwa ukimwambia mnunuzi khabari ya deni, atapunguza bei au atakimbia. Yawezekana. Walakini nyumba inayouzwa na mwenyewe kwa wazi, tena kwa utulivu, kwa kawaida hupata bei iliyo bora kuliko ile ya mnadani. Na hata kama bei imepungua, alichopoteza ni kile ambacho angalikipata kwa kuficha tu, na hicho hakikuwa chake.

Maana kuficha huku si jambo dogo. Yajulikana kisa cha Mtume aliyetia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta umaji chini ya juu iliyo kavu, na maneno makali aliyomwambia mwenye nafaka ile. Ule ulikuwa umaji tu, na jua la siku moja lingaliukausha. Ufa katika ukuta huipunguza nyumba thamani, na si halali kwa muuzaji kuuficha. Rehani haipunguzi nyumba. Humwondolea mnunuzi nyumba yote, akabaki na karatasi ya serikali ya mtaa.

Tumesema mengi juu ya muuzaji. Mnunuzi naye hakosi lawama zake. Mwenye kununua nyumba yenye hati asiende kufanya upekuzi kwa Msajili, huyo amenunua kwa macho ya mwingine. Nakala si hati. Akiambiwa hati asili iko Wizarani, aulize imepelekwa kwa risiti ipi na ya tarehe gani. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa ni mashahidi wa kuwa watu wawili wametia saini. Hawajui madeni ya mtu, wala si kazi yao kuyajua.

Tena kuna nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni, Tandika na Yombo, Tandale na Mwananyamala, zisizo na hati. Mwenyewe ana leseni ya makazi, au ana ile karatasi ya mauziano tu aliyoandikiana na aliyemwuzia miaka 20 iliyopita. Hapa jambo ni gumu zaidi, kwa sababu wakopeshaji huchukua karatasi hiyo hiyo wakaiweka kabatini, na sheria ya mwaka 1999 yaitambua rehani ya kuweka nyaraka. Rehani ya namna hii yaweza isionekane katika daftari lo lote. Dawa yake ni moja tu: mnunuzi aione karatasi asili, aishike, na siku ya kulipa aondoke nayo. Muuzaji asiyeweza kuitoa, na aseme iko wapi.

Na yuko mnunuzi wa namna ya pili, ambaye hatumwonei huruma. Nyumba ya milioni 70 ataka kuuziwa kwa 35, na muuzaji ana haraka, na hati haionekani. Moyoni amekwisha kujua. Lakini hataki kuuliza, asije akajibiwa. Huyo alinunua shaka kwa nusu ya bei, na shaka ndiyo aliyoipata.

Baadhi ya watu hudhani kuwa kwa sababu walitangulia kununua, baraza litawapa nyumba na kuiambia benki ikamtafute mwenye deni. Kwa kawaida mambo huwa kinyume. Rehani iliyoandikwa ilitangulia bei yao. Tena, nyumba ikisha kuuzwa mnadani kwa mtu mwenye nia safi, sheria humlinda mnunuzi huyo wa mnada. Na aliyedhurika kwa mnada uliokwenda kombo, njia yake kwa kawaida ni kudai fidia kwa aliyeutumia uwezo wa kuuza isivyo haki. Mnunuzi wa kwanza hubaki na madai juu ya muuzaji wake. Na muuzaji wake amehama mtaa.

Hatusemi haya ili benki zionekane zimetakasika. Aliyewekewa rehani ana wajibu wake. Baqara hiyo hiyo yaamrisha kumngoja mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya mwaka 2008, yataka mkopaji apewe notisi ya siku 60 kabla ya hatua kuchukuliwa, na yamtaka mkopeshaji atafute bei bora iwezekanayo. Bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, hudhaniwa kuwa wajibu huo umevunjwa mpaka aonyeshe kinyume. Anayeona amedhulumiwa, na aende barazani akaombe zuio kwa hoja hizo, wala asitafute mnunuzi wa siri.

Liko jambo la mke, nasi twasema na wanaume wenzetu. Nyumba wanayokaa mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza kuiuza au kuiweka rehani bila ya ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi imelikariri hilo kwa rehani, nayo yasema mwenzi au wenzi, basi mwenye wake wawili katika nyumba ile hapati njia ya kupenya. Wako waume waliokula kiapo mbele ya wakili kuwa hawana mke, ili mkopo utoke upesi, na usiku wakarudi kwa mke huyo huyo wakala chakula chake. Sheria yamwajibisha mkopaji kusema kama ana mwenzi au hana. Mume aliyefika hapo amewadanganya watu wawili kwa saini moja, na akiuza nyumba hiyo kwa siri atakuwa amemdanganya wa tatu.

Limebaki la mauti. Mtu akifa na nyumba i rehanini, deni hutangulia mirathi. Thumni ya mke na mafungu ya watoto hayahesabiwi mpaka deni limetoka. Hata hivyo twaona, matanga hayajaisha, kaka mkubwa amekwisha kupata mnunuzi wa nyumba ya baba, na ndugu zake wamekubali ili kila mmoja apate chake. Hawakufungua mirathi wala hawakuuliza hati iko wapi. Katika Wilaya ya Temeke kuna kituo jumuishi cha mahakama kilichoanza mwaka 2021 kwa mashauri ya mirathi na ya ndoa. Kwenda huko kumpata msimamizi wa mirathi si usumbufu, kwani yeye ndiye mwenye kukusanya mali na kulipa madeni, na benki haitazungumza na kaka mkubwa kwa kuwa ni kaka mkubwa.

Tena warithi waulize jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mikopo mingi ya benki hukatiwa bima tangu siku ya kutolewa, na bima hiyo hulipa deni lililosalia mkopaji akifariki. Msimamizi na aende na cheti cha kifo, aulize kama mkopo wa marehemu ulikuwa na bima na kama madai yake yamepelekwa, maana huwa na muda wake. Na aulize kabla ya kumtafuta mnunuzi, kwani yamkini deni lile limekwisha kulipika, na hati imo kabatini mwa benki yangoja mwenye kuichukua.